Kifuniko cha Banda la Kuku

Mwanzo wake ni kuku wa Asaa.
Banda lao, nyuma ya karakana yetu ya Wete,
limefunikwa duara la chuma cha pua,
milimita mia sita, kingo zimesuguliwa zikang'ara,
na kila asubuhi jogoo hulipanda
akaniwikia mie.

Kile kilikuwa kifuniko cha mtambo
wa kukamulia mafuta ya makonyo.
Mchoro wangu ulisema mia sita na hamsini.
Karatasi yangu, kwenye kile kisanduku cha pembeni
ambacho fundi hukisoma kabla hajavaa miwani,
ilisema mia sita.
Mteja aligeuka Jumatatu;
nikabadili mstari, sikubadili neno.
Asaa akakata alichokisoma.
Kifuniko kikazama ndani ya pipa
kama kijiko ndani ya uji,
tukakisikia chini: ngo!

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.
Alitia mkono, akakitoa,
akakipuliza vumbi lisilokuwepo,
akasema, "Kuku wangu wanavujiwa,"
akaondoka nacho.

Siku ya nne nilibaki peke yangu baada ya alasiri,
feni inazunguka kama inayodai mshahara,
nikafungua sifa za faili:
Jina. Maelezo. Malighafi. Uzito.
Visanduku vinavyongoja kidole changu,
na kidole changu, nakiri, kisahaulifu.

Nikaiambia kompyuta kwa lugha yake kavu:
kipenyo usiniulize mie,
kichukue pale kilipozaliwa
ukakiandike pale kinaposomwa.
Unene vivyo hivyo.
Uzito upigie hesabu mwenyewe, usinibembeleze.
Na jina lisiwe lile ninalolikumbuka;
liwe "Kifuniko", nafasi, namba iliyo hai,
nafasi, unene.

Mara ya kwanza ilikataa: nukta mahali pa mkato.
Mara ya pili ilinipa sifuri.
Mara ya tatu umeme ulikatika
nami sikuwa nimehifadhi kitu
(nani huhifadhi akiwa na hasira?)

Hata magharibi inaadhiniwa Jadida,
nikaandika mia saba
palipokuwa na mia sita na hamsini.
Sikugusa pengine.
Duara likatanuka.
Na kule chini, pembeni,
maneno yakajisahihisha,
kimya, kama mtoto aliyesikia jina lake
akakaa sawa.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha mwizi.

Lakini jicho likishafunguka haliridhiki na kimoja.
Chini ya uzito palikuwa na "Mchoraji",
na mchoraji alikuwa Mbarouk Saleh.
Mbarouk yuko Maskati mwaka wa tatu huu,
anauza viyoyozi.
Kila faili nililolianza nililinakili kwake,
na kila nakala ikamzaa upya:
matangi ya Mtambwe, yake,
ngazi ya skuli ya Micheweni, yake,
hata kile kifuniko cha kuku, aibu yangu yote ile,
kwa karatasi, ni aibu yake.

Nilitafuta kigezo cha kuliunganisha nacho jina.
Hakipo. Mtu hana kipenyo
ambacho kikibadilika, karatasi ijue.
Nikamfuta herufi moja moja,
nikaandika kwa mkono: Mize Hamad Ngwali.
Kisha nikalifungua na lile la mia sita,
nikaandika humo humo. La kwangu, la kwangu.

Asubuhi Asaa akaipokea karatasi,
akaisoma kwa kidole, kutoka chini kwenda juu.
Penye jina langu kidole kikasita,
hakikusema kitu.
"Mia saba," akasema. "Na mchoro?"
"Mia saba."
"Na kesho mteja akigeuka?"
"Itageuka nayo."
Akaitika kwa koo, akaikunja mara nne,
akaitia mfuko wa shati,
akachomoa futi yake kiunoni
akaenda kulipima pipa.